Mzee wa miaka 74 hanywi maji, anasema hana kiu. Anywe kiasi gani? Na lita moja na nusu alfajiri ni salama?

MwanaIsevya (ameuliza)

Habari za jioni wakuu. Naomba wenye ujuzi wa afya ya wazee. Mzee wetu ana miaka 74, kilo 58, yuko hapa Tabora mjini. Anameza dawa ya presha kila asubuhi, haidroklorothiazaidi miligramu 25. Kisukari hana, na moyo na figo alivipima mwezi wa nne, wakasema viko sawa.

Kutwa nzima anakunywa chai vikombe viwili na maji nusu bilauri ya kumezea dawa, basi. Ukimhimiza anasema hana kiu, halafu akinywa atashinda njiani usiku, maana choo kiko uani. Jua la Oktoba mnalijua. Choo kikubwa kimekuwa kigumu, na akiinuka ghafla anashika ukuta.

Anywe kiasi gani? Na ule ujumbe wa WhatsApp kwamba mzee akinywa lita moja na nusu kabla ya kupiga mswaki anarudi ujanani, una ukweli? Jirani ameshaanza.

Zamu_ya_Usiku

Shikamoo yake mfikishie, na msimgombeze. Anaposema hana kiu anasema kweli. Umri ukisogea, ubongo unachelewa kutoa taarifa ya kiu hata mwili ukiwa umeshapungukiwa. Figo nazo hazikolezi mkojo kama zamani, kwa hiyo anaendelea kupoteza maji wakati kijana mwenye upungufu uleule angekuwa anayabana. Tatu ni misuli. Ndiyo yenye maji mengi, nayo hupungua uzeeni. Kijana wa kiume ana maji karibu asilimia 60 ya uzito wake, mzee ni kama 50. Ukisubiri kiu ya mtu wa miaka 74, umechelewa.

Kiasi: mwongozo wa ESPEN, chama cha lishe tiba cha Ulaya, unasema mwanamke mzee apate angalau lita 1.6 za vinywaji kwa siku na mwanamume angalau lita 2. Joto likizidi au akishinda shambani, zaidi ya hapo. Chai, uji, maziwa, togwa na supu vyote vinahesabiwa. Ile hadithi kwamba chai inakausha mwili achana nayo, kwa mtu aliyeizoea maji yake karibu yote yanabaki. Wanzuki, ile pombe ya asali, haihesabiwi.

Kwanza pima kikombe chake. Jaza chupa ya nusu lita, mimina, uone vinatoka vikombe vingapi. Tuseme kinaingia mililita 250:

Saa 12 asubuhi kikombe 1 akiwa ameketi kitandani, akae dakika mbili tatu ndipo asimame. Saa 1 chai 1 na uji 1. Saa 4 kimoja, saa 7 na chakula kimoja, saa 9 kimoja, saa 11 jioni kimoja. Saa 1 usiku supu au maziwa kikombe kimoja, kisha basi. Hiyo ni lita 2.

Msianze na zote kesho. Ongezeni kikombe kimoja kila baada ya siku mbili au tatu. Na msimuulize "mzee utakunywa maji?", jibu mnalijua. Mpeni mkononi, kikombe kikiwa nusu, akimaliza mnaongeza. Jagi zima likiwekwa mbele yake linamchosha kabla hajaligusa.

Anayesoma hapa na mzee wake ana moyo uliochoka au figo zilizoharibika: hesabu hizi si zake. Huyo kiasi chake kinapangwa na daktari, na mara nyingi ni kidogo kuliko hiki.

Dawa_na_Dozi

Nadakia kwenye lita moja na nusu. Mwambieni jirani aache. Figo za kijana mzima zinaweza kutoa kama lita moja kwa saa, hata hapo zikijitahidi. Za mzee hazifiki. Na huyu wenu ana haidroklorothiazaidi, dawa inayozuia figo kutoa mkojo mwepesi. Maji ya mkupuo yanabaki mwilini, sodiamu ya damu, yaani chumvi iliyomo, inashuka chini ya 135 ambayo ndiyo mwisho wa chini wa kawaida, na hapo kinaanza kichefuchefu, kichwa kuuma, kuchanganyikiwa, mwisho degedege. Ubaya wake ni kwamba kuchanganyikiwa kunatokea pia kwa aliyekaukiwa, hivyo nyumbani wanazidi kumpa maji. Ndiyo maana maji yagawanywe kutwa, na wiki mbili baada ya kufikia lita 2 apimwe sodiamu, potasiamu na kreatinini (kipimo cha kazi ya figo). Hospitali ya Kitete hapo Tabora iko jirani.

Habari ya "ujana" chanzo chake, nadhani, ni utafiti wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Marekani uliotoka Januari 2023. Walipitia kumbukumbu za watu zaidi ya 11,000 kwa takribani miaka 30. Wenye sodiamu juu ya 142, ingawa bado ni kiwango cha kawaida, walionekana zaidi kuwa na mwili uliochakaa kuliko umri wao, na magonjwa sugu kama ya moyo na kiharusi yaliwapata zaidi. Lakini walichopima ni sodiamu, hawakuhesabu vikombe, na utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba maji ndiyo yaliyoleta tofauti. Faida za wazi ni za kawaida tu: choo kinalainika, presha haishuki sana akisimama, na mawe ya figo yanapungua. Mzee ambaye hakuanguka akavunja nyonga ameshapata faida kubwa.

Hilo la kushika ukuta lipimeni. Alale dakika 5, pima presha. Asimame, pima baada ya dakika 1 na dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10, mpelekeni na karatasi ya vipimo, huenda dozi ikabadilishwa. Msiiache dawa wenyewe.

Jingine: diklofenaki, vile vidonge vya maumivu ya magoti. Kwa mzee aliyekaukiwa na yuko kwenye dawa ya kukojosha kama hii yake ya presha, zinaweza kuziangusha figo kwa siku chache. Siku ya kuhara au kutapika msimpe kabisa, na ulizeni kituoni kama ile ya presha isimame kwa muda. Mpeni ORS, someni pakiti inataka maji kiasi gani, nyingi ni lita 1. Ikikosekana: maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vimesawazishwa kwa kisu. Kosa la kila siku ni kijiko chenye mlima, hasa cha chumvi. Baada ya saa 24 mwageni.

Mjukuu_wa_Ujiji

Mmesahau choo, na ndicho kinachomfunga mdomo. Wekeni ndoo ndogo yenye mfuniko chumbani, upande anaoshukia kitandani, na tochi mkononi. Kama miguu inavimba jioni, akae ameinyanyua juu ya stuli saa moja kuanzia saa 9 alasiri. Yale maji ya miguuni akilala hurudi kwenye damu, na hayo ndiyo yanayomwamsha, wala si kikombe cha mchana. Akiamka zaidi ya mara mbili au mkojo unakatika-katika, tezi dume ichunguzwe.

Wa huku Kigoma waangalie chumvi ya dagaa na migebuka mikavu. Loweka kwenye maji ya moto, mwaga, ndipo upike. Mzee akifunga Ramadhani, agawe maji toka futari hadi daku, kikombe kila saa akiwa macho, asiyalundike daku.

Ladha nayo ina maana. Maji ya kuchemshia kuni yananuka moshi na mzee anayakataa bila kusema. Funika sufuria, yakitokota vizuri dakika moja inatosha, yapoe kwenye mtungi. Mchaichai kidogo si vibaya.

MwanaIsevya

Asanteni sana wakuu. Kufinya ngozi ya mkono na kuangalia rangi ya mkojo, inatosha kujua kama amekaukiwa?

Zamu_ya_Usiku

Kwa mzee hapana. Ngozi yake imelegea kwa umri, itabaki imesimama hata akiwa amekunywa vizuri. Rangi ya mkojo inadanganya pia, figo zisizokoleza zinatoa mkojo mweupe kwa mtu mkavu. Tumia mizani: kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya chai, nguo zilezile. Akipungua kilo moja na nusu ndani ya siku mbili, hayo ni maji. Akiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu huku miguu inajaa au anahema akilala, simamisha kuongeza vikombe, mpeleke siku hiyohiyo. Na akianza ghafla kuongea mambo yasiyoeleweka, usibahatishe kwa maji wala kwa chumvi, damu ipimwe kwanza.