Mwanamke kufika Meja Jenerali, njia iko wazi ama ni bahati?

Mama Umoja:
Habari zenu wadau. Binti yangu alimaliza fomu foo mwaka jana, gredi yake ni poa, sasa hataki kusikia mambo ya chuo anataka kadeti, kusomea uofisa wa jeshi. Babake amekataa kabisa, ati jeshini mwanamke atapiga taipu mpaka astaafu. Nikamtajia Fatuma Ahmed, yule Meja Jenerali wa KDF, jeshi letu la Kenya, akasema huyo ni mmoja tu. Kwani huyo mama alipandaje?

Sajini Mstaafu:
Mzee wa nyumba anaongea mambo ya zamani. Fatuma aliingia 1983 na wakati huo wasichana walikuwa na kikosi chao kando, WSC (Women's Service Corps), kikavunjwa 1999 ndio wakaingizwa nchi kavu, wanahewa na wanamaji, so hapo ashahudumu miaka 16. Brigedia akapata 2015, Meja Jenerali 2018, mwanamke wa kwanza Kenya kwa vyeo vyote viwili, na Mei 2024 akapewa Wanahewa wote awaongoze. Hiyo ni taipu gani? Mimi nilihudumu hapo kambi ya Wanahewa Eastleigh, siku moja nikapishana na kapteni mwanamke nikajifanya sijamuona. Akarudi hatua tatu, akasimama mbele yangu, hakusema kitu, akangoja tu. Nilipiga saluti mpaka kofia ikasonga. Sikurudia huo ujinga.

Kijana wa Embakasi:
Sawa mzee lakini hesabu, 1983 mpaka 2015 ni miaka 32 kungoja Brigedia! Na Jamhuri Dei wasichana wako wengi kwa gwaride, ukiangalia pale wakubwa wamekaa ni wanaume karibu wote. Babake hajakosea sana.

Sajini Mstaafu:
Cheo hakuna mtu hupewa haraka, hata wanaume wengi hustaafu Meja. Tofauti ni kwamba huyu msichana ataanza Lanet, chuo cha maafisa wa jeshi kule Nakuru, pamoja na wavulana, si kando. Mama, apimwe urefu kwanza, ni 1.60m. Na mtu akikuambia ako na barua ya kuitwa jeshini ya kuuza mkimbie, kuandikishwa ni bure, jirani yangu aliuza ng'ombe wawili na kijana bado ako nyumbani.

Mama Umoja:
Asante sana mzee. Tumempima kwa mlango na futi ya fundi, amepita kidogo tu. Babake nimemsomea hizi majibu zote, amenyamaza kitambo, saa hii ananiuliza kama Lanet huwa na baridi sana.