Terrifier 2: mlicheka au mlitapika?

Mla Bisi
Wakuu habari za jioni. Juzi nilikuwa kibanda umiza hapa mtaani tukawekewa Terrifier 2 ya kutafsiriwa na DJ. Katikati ya muvi nusu ya watu washasepa, sisi tuliobaki tunacheka mpaka machozi, mimi mwenyewe kuna mahali nilivuta tisheti nikajifunika uso na humo ndani ya tisheti bado nacheka. Nimerudi home namsimulia shemeji yenu akaniuliza, mtu anachunwa ngozi ya kichwa wewe unacheka nini? Nikakosa jibu aisee.

Sasa naombeni mnisaidie, huyu dairekta alitaka tuogope au tucheke? Na ile stori kwamba huko Marekani watu walizimia ukumbini ni kweli au matangazo tu? Halafu ya kwanza sijaiona, nimekosa kitu?

Mtoto wa Mochwari
Mkuu ya kwanza ni ya 2016, stori yake inaenea kwenye kiganja, wadada wawili wanatoka pati ya Halloween wanakutana na Art yule chale, basi kazi inaanza. Ukitaka kuiruka we ruka ila ujue mwishoni Art anajipiga risasi mwenyewe, anapelekwa mochwari, anafufuka. Ya pili inaanzia hapohapo ndo maana unamkuta katapakaa damu usiku anaenda kufua nguo kwenye zile mashine za kulipia, kakaa uchi anasoma gazeti anasubiri zikauke 😂😂 Muuaji gani anasubiri nguo zikauke?

Na kama kibanda chenu walizima majina yalipoanza kupita basi mmepigwa, kuna kipande kingine pale mbele kinamhusu yule dada aliyeharibiwa uso kwenye ya kwanza. Sisemi zaidi.

Mla Bisi
Walizima 😭 wakaweka mpira

Kaka Bajeti
Kuhusu kuzimia, ilitoka Oktoba 2022 na watazamaji wenyewe ndo walikuwa wanaandika mitandaoni kwamba wametapika au jirani yake kaanguka, baadae prodyuza Steve Barton akatoa onyo kwa wenye moyo mwepesi. Kwa muvi kama hii onyo ni tangazo tosha, ukimwambia kijana usiangalie hii utazimia umeshamuuzia tiketi. Nusu kweli nusu biashara, ndo mtazamo wangu.

Ila mimi kilichoniua ni hela. Imetengenezwa kwa dola 250,000 hivi, kwa Hollywood hiyo ni hela ya maandazi, na sehemu kubwa ni mashabiki walichanga, waliombwa 50,000 kupitia Indiegogo, ule mtandao wa kuchangishana hela, wakatoa zaidi ya 200,000. Ikaja kuingiza zaidi ya milioni 15. Damien Leone kaandika mwenyewe, kaongoza mwenyewe, kaedit mwenyewe, na hizo nyama na utumbo ni kazi ya mikono yake, jamaa asili yake ni fundi wa meikapu za kutisha. Ndo maana damu yake inaonekana nzito ina mabongebonge, sio ile ya kompyuta inaruka kama soda.

Dada Mwoga
Mimi nitakuwa tofauti na nyie. Saa mbili na dakika 18 za mtu kukatwakatwa ni nyingi mno, muvi za kuchinjana zikizidi saa moja na nusu zinachosha. Na kile kipande cha chumbani kwa Allie, yule msichana anayechunwa ngozi ya kichwa, sikipendi mpaka leo, sio kwa sababu ya damu, ni kwa sababu kinaenda taratiiibu. Anamfanyia vyote, anatoka, unapumua, anarudi ana jiki na chumvi. Kwa nini msichana ndo achinjwe taratibu hivyo? Hapo hakuna cha kucheka kaka zangu, hapo mtu kafurahia.

Mtoto wa Mochwari
Dada hapo kwenye kuzidisha nakubali. Ila kumbuka vijana wa kiume nao hawakusalimika, mmoja yalimkuta ya kumkuta tena palepale pabaya. Na steringi ni mwanamke, Sienna, kajishonea vazi la malaika na mabawa yake, ana upanga alioachiwa na baba yake, anakula kipigo mwisho anamalizana na chale kiume kabisa. Muvi ya kwanza haikuwa na mtu wa kumshangilia, hii inaye, ndo maana wengi tunasema ya pili imeipita ya kwanza.

Mjomba Kimya
Nimesoma toka juu nina swali kwa mleta mada. Art haongei. Kuanzia mwanzo mpaka mwisho hasemi hata neno moja, akicheka hana sauti, akichomwa kisu hana sauti. Sasa DJ wenu alitafsiri nini?

Mla Bisi
😳

Mjomba umenishika pabaya. DJ alimpa maneno! Pale dukani kwa mavazi ya Halloween anajaribu miwani mmojammoja mbele ya Sienna, DJ anasema "shangazi hii bei gani, punguza basi". Pale watoto wanagonga mlango kuomba pipi na yeye anawapa kutoka kwenye kichwa cha yule mama, DJ anasema "kula mwanangu, mama yako hajambo?" Kibanda kizima chini

Mjomba Kimya
Basi ulicheka ya DJ, muvi yenyewe hujaiona bado. Kairudie bila tafsiri. Pale kwenye miwani yule David Howard Thornton anayeigiza Art haongei ila uso wake unafanya kazi zote, anavaa, anakugeukia, anasubiri umwambie kapendeza, anapiga kile kihoni chake. Mfikirie Mr. Bean kapewa msumeno. Unacheka halafu unakumbuka yule dada kasimama hatua mbili kutoka kwake na huyu mtu hatoki, na kile kicheko kinakukwama kooni. Jibu la swali lako la kwanza liko hapo, alitaka vyote viwili kwa wakati mmoja, na DJ wako alikutolea kimoja.

Dada Mwoga
Mjomba umeongea. Ila chumbani bado sirudi.

Mla Bisi
Mrejesho wakuu. Jana usiku nimeangalia kwenye simu na shemeji yenu, bila DJ. Kwenye miwani alicheka, namuapia Mungu alicheka, akaniambia huyu kafanana na mjomba wake wa Tanga. Nikajua nimeshinda. Kufika kwa Allie akaamka kimya akaenda kulala, hajasema kitu. Leo mchana mboga haina chumvi hata chembe, nimeuliza, kanijibu kama nataka chumvi niinuke nikaichukue mwenyewe, yeye lile kopo halishiki.