Kopo la visu vidogo vya funguo: kipi cha kutunza, na je, ving'arishwe?

Mwenye Kopo (swali)
Ndugu wanajukwaa, ninaishi Köln, Ujerumani, na Jumamosi iliyopita nilinunua katika gulio la vitu vikuukuu kopo la biskuti lenye visu 11 vya kukunja, vile vidogo vya kufungia kwenye pete ya funguo, kwa euro 15. Vinne ni vyekundu vyenye msalaba wa Uswisi, viwili vimeandikwa Solingen (mji wa Ujerumani unaosifika kwa visu), kimoja kina mpini mfano wa gamba la kobe, na vilivyobaki vina majina ya benki na maduka ya dawa. Sina nia ya kuviuza, bali ningependa kuanza mkusanyo usionigharimu sana. Nitatambuaje umri wake, na je, ni sahihi kuving'arisha vikawa kama vipya?

Fundi Tupa
Hongera kwa kopo, ila tafadhali weka kwanza dawa ya kung'arishia kando, kwa sababu maandishi madogo yaliyogongwa kwenye shina la bapa ndiyo cheti cha kuzaliwa cha kisu, nayo hufutika upesi yakisuguliwa. Fungua bapa hadi mwisho, utazame kwa kioo cha kukuzia ile sehemu isiyonolewa iliyo karibu na ribiti. Ukikuta neno la Ujerumani Magharibi, kisu hicho ni cha kabla ya Oktoba 1990. Jina la Solingen peke yake halitoshi kukupa umri, kwani limelindwa kisheria tangu 1938 na lingali linatumika.

Kuhusu vile vyekundu, vipime kwa rula. Aina ya Classic ya kampuni ya Uswisi ya Victorinox ina milimita 58, na Esquire ya Wenger, ya Uswisi pia, ina 65. Kampuni hizo mbili zilishindana kwa miongo mingi hadi ya kwanza ilipoinunua ya pili mwaka 2005, kwa hiyo mimi binafsi ningeanza na Wenger. Tazama pia ncha ya tupa ya kucha: kwenye Classic ya kawaida ni ya kusafishia kucha, na kwenye Classic SD ni bisibisi. Kibano au kijiti cha meno kikikosekana usihuzunike, kwani vya Victorinox huuzwa peke yake.

Usafi wenyewe ni maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki laini, kisha ukaushe vizuri na kutia tone la mafuta ya cherehani kwenye maungio. Usitumie mafuta ya kupikia, kwa maana huganda na kukamata vumbi.

Bibi Sanduku
Mwenzangu amesema vyema, lakini amekipita kile cha gamba la kobe, ambacho ndicho kinachonitia wasiwasi. Mipini mingi ya namna hiyo ni ya seluloidi, plastiki ya kale iliyochanganywa na kafuri, ambayo ikizeeka hutoa mvuke wenye asidi unaokula chuma, si cha kisu hicho tu bali hata cha jirani zake. Isitoshe, hushika moto kwa urahisi mno. Kitenganishe na vingine leo hii, ukiweke mahali penye hewa na mbali na joto, wala usikifungie ndani ya kopo.

Mlinda Pete
Mimi ningevichagua vile vya benki na maduka ya dawa, ambavyo wengi huvidharau. Makampuni yalivigawa bure kwa wateja, kwa hiyo bei yake bado ni ya chini, na baadhi ya majina hayo hayapo tena. Kabla ya kununua kingine, sikiliza springi: kisu kizima hufunguka kwa mkazo na kujifunga kwa mlio mkavu, na bapa lake halichezi kushoto na kulia. Ukisafiri kwa ndege, viweke katika mzigo unaokabidhiwa. Huko Marekani, vingi vinavyoachwa kwenye ukaguzi wa viwanja vya ndege huishia kwenye idara za majimbo na kuuzwa kwa mafungu, na viwili vitatu vyangu vimetoka huko.

Mwenye Kopo
Ahsanteni sana. Bibi Sanduku, nimekisugua kile cha gamba la kobe kwa kidole gumba, kikatoa harufu ya kafuri. Kisu cha Solingen kilichokuwa kimelala chini yake kina kutu upande mmoja tu, ule uliokuwa umegusana nacho.