Kifaa cha muziki na mwendo kimemtisha mwanangu mwenye usonji. Niache?

mama_kitindamimba
Wazazi wenzangu, habari zenu. Mwanangu ana miaka 6, ana usonji, bado haongei. Juzi mwalimu wake alimletea kifaa chenye kihisi: ukisogeza mkono mbele yake, muziki unatoka. Mtoto akaziba masikio, akajificha chini ya meza. Nimeumia sana, kwa sababu muziki anaupenda. Kutwa anazunguka akiguna wimbo uleule, midomo imefumba. Niache?

baba_neema
Dada yangu, usiache. Neema naye alianza hivyo. Kosa lilikuwa letu: tulimfungulia sauti sita kwa pamoja, kila akigeuka spika inalia. Tukabakiza moja tu, ya marimba, chinichini, na kihisi tukakielekeza kona moja ili pande nyingine za chumba zibaki kimya. Siku tatu hakuisogelea ile kona. Ya nne akanyoosha kidole kimoja. Ting! Akakirudisha, kimya. Akanyoosha tena. Alirudia mpaka nikapoteza hesabu, kisha akageuka akanitazama machoni. Nilikaa sakafuni nimejikaza nisimpigie makofi, maana makofi yangu nayo ni kelele ambayo hakuiomba.

mwalimu_wa_ngoma
Baba Neema umenena. Vifaa kama Soundbeam hurusha mawimbi yasiyosikika kwa sikio. Yakigonga mwili na kurudi, kifaa hupima umbali na kuugeuza kuwa noti ya muziki. Ule umbali unaweza kuurekebisha, mama. Anza na hatua mbili tu, watoto wengine wasipite hapo.

mama_kitindamimba
Asanteni. Na je, kitamfanya aongee?

mwalimu_wa_ngoma
Sitakudanganya. Utafiti uliochapishwa na jarida la kitabibu la JAMA mwaka 2017, watoto 364 katika nchi 9, haukuona tiba ya muziki ikipunguza ukali wa dalili kuliko huduma ya kawaida. Tena hao walikuwa na mtaalamu, si kifaa peke yake. Mimi nakitumia kwa sababu mtoto anayeamriwa kutwa anapata mahali ambapo yeye ndiye anayeanzisha jambo, na mimi namfuata.

baba_neema
Huo wimbo anaouguna urekodi, kisha mwalimu auweke kwenye kifaa badala ya sauti zilizomo.

mama_kitindamimba
Nimeurekodi sasa hivi, yuko mlangoni anazunguka. Sekunde 11. Zinatosha?

baba_neema
Kata zibaki 3. Akitaka zaidi, atanyoosha mkono tena.