Natoka kazini usiku, sina gari: nifanyeje?

Wakuu, naomba ushauri. Mimi ni binti wa miaka 23, nakaa Mbezi Mwisho hapa Dar, nimepata kazi hotelini Masaki. Asubuhi sina shida: daladala hadi Kimara, basi la mwendokasi hadi kituo cha Morocco, naunga daladala ya Masaki. Kusimama na kubanwa nimeshazoea.

Kimbembe ni zamu ya jioni. Kutoka ni saa tano usiku, na kituoni unakuta bodaboda tu. Nauli wanapanga kwa kukuangalia usoni, kofia ngumu iko moja na kavaa yeye. Moyo unakaa mkononi hadi mlangoni.

Mama mkubwa anasema nikope ninunue gari, Toyota IST. Sasa mafuta nitaweka maji?

Nimefikiria kupanga Mwananyamala, karibu kidogo na kazini, ila wenye nyumba wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Au tukodi bajaji moja kwa mwezi na wenzangu wa Ubungo, ingawa kutoka Ubungo hadi kwangu nitabaki peke yangu na dereva.

Mliopitia hali hii, hasa wadada, mlifanyaje? Na bajaji ya mwezi mnalipana vipi, mwanzoni au kila wiki?