Programu za akili mnemba zinaweza kuchukua nafasi ya twisheni?

Mwalimu wa Hisabati: Ndugu wadau, nafundisha hisabati kidato cha pili, na darasa limefurika kiasi kwamba siwezi kusahihisha madaftari yote kila wiki. Baadhi ya wazazi wanataka shule inunue programu ya akili mnemba itakayomfundisha kila mwanafunzi kwa kasi yake. Je, upo ushahidi kwamba programu hizi zinafundisha kweli, au zinamfanyia mwanafunzi kazi yake tu?

Mdau wa Elimu: Mwalimu, inategemea programu inafanya nini mwanafunzi anapokwama. Katika jaribio lililofanywa Uturuki kwa wanafunzi wa sekondari karibu 1,000, waliopewa GPT-4, programu ya akili mnemba ya kuzungumza nayo inayojibu lolote, walifanya mazoezi ya hisabati vizuri kuliko wenzao kwa asilimia 48, lakini walipoingia kwenye mtihani bila programu hiyo wakapata alama pungufu kwa asilimia 17. Kundi jingine lilipewa programu iliyoandaliwa kwa msaada wa walimu ili itoe madokezo badala ya majibu. Hilo halikudhurika, ingawa kwenye mtihani halikupata faida ya kujivunia pia. Kwa hiyo, kabla hamjalipa hata shilingi, andikeni kosa la mwanafunzi kama 3(x − 2) = 3x − 2 mwone itasemaje. Ikiwapa jibu sahihi papo hapo, iacheni. Ikiuliza ile 3 imezidishwa na nini ndani ya mabano, kisha ikasubiri, hapo mnaweza kuendelea na mazungumzo.

Mkaguzi Mstaafu: Naafiki, ila tusiishie Uturuki. Mkoani Tanga, katika Global Learning XPRIZE, shindano la programu za kujifunzia lililohitimishwa mwaka 2019, watoto wa vijiji vipatavyo 170, wengi wao wasiowahi kwenda shule, walipewa tableti zenye programu za Kiswahili za kusoma, kuandika na kuhesabu, na timu mbili za waundaji, onebillion na Kitkit School, zikagawana ushindi. Haikuwa akili mnemba hii ya kuzungumza nayo, lakini watoto walifundishwa kwa lugha wanayoielewa, na vijijini viliwekwa vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua. Je, programu yenu itatoa dokezo kwa Kiswahili mwanafunzi asipoelewa la Kiingereza?

Mwalimu wa Hisabati: Nashukuru sana, mzee wangu. Muuzaji hajatuonyesha lolote kwa Kiswahili, na bodi italisikia hilo kutoka kwangu kabla ya suala la bei.