Kuondoa weusi kwenye mtutu wa Ceska na kuung'arisha nyumbani

Mlinzi_Embakasi

Habari zenu wakuu. Nina bastola ya Ceska 75 ya milimita 9, leseni iko sawa. Mtutu wake una ule weusi wa bluu wa kiwandani ambao sasa umechakaa: mdomoni umelika hadi chuma kinaonekana, na pale juu panapoonekana kwenye dirisha la kutolea maganda pana mabaka. Ndani ni safi. Nataka kutoa weusi wote, mtutu ubaki mweupe unaong'aa na slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma ukifyatua) ibaki nyeusi ilivyo.

Nina siki nyeupe, msasa wa maji wa 400, 800 na 2000, na drili ya mkono. Siki inatosha au nitafute asidi ya kuoshea vigae? Nianze na msasa namba ngapi? Na nikikosa muda, naweza kuupeleka kwa vijana wa kupolishi kule Kariobangi Light Industries wanimalizie kwa mashine?

Fundi_Chuma

Ndugu, nianze na la mwisho maana ndilo zito. Usiupeleke. Kwa sheria yetu ya silaha, Sura ya 114, kipande cha silaha kinahesabiwa kama silaha. Mtutu peke yake mikononi mwa mtu asiye na leseni ni kesi, yake na yako. Ukikosa muda, mpelekee muuzaji wa silaha aliyesajiliwa. Isitoshe, gurudumu la kupolishia sufuria na rimu halijui pa kuacha. Litaviringisha kila pembe iliyotakiwa kubaki kali.

Jambo la pili, kabla hata hujafungua chupa ya siki: tazama namba ya silaha na mihuri ya majaribio (alama kwamba mtutu ulijaribiwa) iliyogongwa kwenye mtutu. Hizo haziguswi na msasa hata kidogo. Namba iliyofifia haina maelezo yatakayokubalika siku ya ukaguzi. Zifunike kwa tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, na mwishoni pitisha pale kitambaa chenye polishi kwa mkono mwepesi tu.

Sasa kazi. Toa magazini, hakikisha chemba (pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu) ni tupu kwa macho na kwa kidole, risasi zote ziende chumba kingine. Fungua silaha, baki na mtutu peke yake. Usafishe grisi kwa spiriti mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Mafuta yakibaki, siki itakula hapa na kuacha pale, na utapata mabaka mapya.

Ziba ncha zote mbili kwa vizibo vya mpira vilivyobana. Kisha chukua rangi ya kucha ya kawaida upake mara mbili sehemu ambazo hutaki siki ifike: meno ya kufungia yaliyo juu ya mtutu, mguu wa chini wenye tundu la pini ya kizuizi cha slaidi, na ukingo wa mdomo. Ikikauka, ning'iniza mtutu kwa uzi wa nailoni ndani ya chupa ndefu ya plastiki yenye siki ya asilimia 5. Kila dakika 5 utoe, usugue kwa stili wulu ya namba 0000, urudishe. Kwa kawaida dakika 15 hadi 30 zinatosha. Usiuache usiku kucha. Weusi ukiisha, siki inaanza kula chuma chenyewe.

Ukitoka kwenye siki, utie kwenye lita moja ya maji yenye vijiko viwili vikubwa vya magadi soda ya jikoni kwa dakika 5, halafu umwagie maji yanayochemka. Maji ya moto yanaupasha chuma na unajikausha wenyewe kabla kutu haijapata nafasi. Mafuta hapohapo. Chuma kilichotoka kwenye siki kinaweza kuota kutu ya rangi ya chungwa ukiwa bado unatafuta taulo. Rangi ya kucha itoe kwa asetoni.

Asidi ya vigae ni hapana. Ile ni haidrokloriki, inachimba vishimo, na mvuke wake unatia kutu kila chuma kilichomo chumbani, pamoja na slaidi uliyoiweka mezani. Vilevile asidi kali huingiza haidrojeni ndani ya chuma kilichotiwa ugumu na kukifanya kiwe chepesi kupasuka. Kwa sababu hiyo springi haiingii kwenye asidi yoyote, hata siki.

Nondo_South_B

Naongeza hapa kwa watakaosoma wakiwa na silaha nyingine, kwa sababu ushauri huu si wa kila mtutu.

Weusi wa Ceska hiyo ni kutu nyeusi iliyotengenezwa makusudi kiwandani, oksidi ya chuma yenye unene wa takriban maikroni moja. Ndiyo maana siki inaitoa kirahisi. Mtutu wa Glock ni habari tofauti kabisa. Ule umetiwa naitrojeni, na ugumu umeingia ndani ya chuma chenyewe. Asidi itatoa weusi wa juu tu. Ukiusaga kwa msasa ule ugumu ulio chini yake, unaondoa kinga ya kutu na ya kukwaruzika ambayo hakuna mtu atakayekurudishia nyumbani. Uache. Mtutu wa chuma cha pua hauhitaji siki, unakwenda moja kwa moja kwenye msasa mwembamba na polishi. Uliopakwa kromu ngumu nao usiuguse, kromu hiyo inatolewa kwa umeme karakana.

Mlinzi_Embakasi

Asanteni sana. Weusi umetoka kwa dakika 20. Ila mtutu umetoka wa kijivu kama risasi ya penseli, tena vidole vinachafuka nikiushika. Ni kawaida? Na drili naitumia wapi?

Fundi_Chuma

Kawaida kabisa. Siki huyeyusha chuma na kuacha kaboni juu, ndiyo huo uchafu wa kijivu. Msasa wa kwanza utauondoa.

Kuhusu namba za msasa: usianze na 400 kama hakuna vishimo vya kutu. Mtutu uliotoka kiwandani laini unaanza na 600. Kisha 800, 1000, 1500, 2000. Ulizonazo zinaruka mno. Kutoka 400 hadi 800, halafu 800 hadi 2000, utasugua mpaka mkono ufe ganzi na mikwaruzo ya chini bado itakuwepo, imeng'arishwa tu. Nunua hizo za katikati, ni bei ya karatasi.

Loweka msasa kwenye mafuta ya taa badala ya maji. Kutu haipati mwanya na msasa hauzibiki haraka. Fanyia mlangoni au dirishani, mbali na jiko.

Siri yote iko kwenye mwelekeo. Na 600 zungusha kwa ukanda kama mtu anayepiga kiatu brashi, mistari izunguke mtutu. Na 800 sugua kwa urefu, kutoka chemba hadi mdomoni. 1000 rudi kuzunguka. Hivyo hivyo hadi mwisho. Kila namba unaiacha pale tu mistari ya namba iliyotangulia inapokuwa imeisha yote. Ukienda mwelekeo mmoja siku nzima huwezi kujua mstari upi ni wa lini. Kagua kwa kuinamisha mtutu chini ya taa moja iliyo upande. Taa ya dari inaficha mikwaruzo, ile ya pembeni inaianika.

Sehemu za bapa juu ya chemba zisugue kwa msasa uliozungushiwa kijiti cha mbao bapa. Ukitumia kidole, pembe zitayeyuka na mtutu utaonekana kama sabuni iliyotumika.

Drili: chukua kijiti cha mbao cha milimita 8, kizungushie tepu ya karatasi mpaka kiingie mtutuni kwa kubana, kisha ndicho kishikwe na drili. Meno ya drili yasiguse chuma. Mwendo wa chini, na iwe kwenye hatua ya polishi tu. Autosol (polishi ya chuma) kiasi cha punje ya maharagwe kwenye kitambaa cha pamba, zungusha dakika mbili, futa, rudia. Brasso nayo inafanya kazi ila polepole. Ukimaliza pitisha brashi na kitambaa chenye spiriti ndani ya mtutu mpaka kitoke safi, maana chembe za mbao, tepu na polishi hazitakiwi njia ya risasi.

Nondo_South_B

Hapa nitasisitiza usipogusa, kwa sababu ndipo watu wanapoharibu silaha nzima kwa ajili ya mng'ao.

Ukingo wa mdomo, pale risasi inapoachana na mtutu: ukiusaga upande mmoja zaidi, gesi inaisukuma risasi ikiondoka na shabaha inahama. Meno ya kufungia na uso wa nyuma wa mtutu unaokutana na slaidi: hapo ukaribu wa vyuma ndio unaofunga silaha risasi inapolipuka. Mteremko wa kupandishia risasi: polishi kwa kitambaa ruksa, msasa marufuku. Ukibadilisha pembe yake risasi zitakwama, na ukiusaga mpaka ukaingia chemba ganda linabaki bila chuma cha kulishikilia chini, linavimba au kupasuka.

Sehemu ya mbele inayosuguana na slaidi pima kwa maikromita (kifaa cha kupimia unene) kabla na baada. Isipungue zaidi ya milimita 0.02. Ikilegea pale, makundi ya risasi kwenye shabaha yanatawanyika, na haurudishiki ila kwa kununua mtutu mwingine.

Mama_Wawili_Ruaka

Niongeze la utunzaji, naona limesahaulika. Mtutu huo sasa ni chuma kitupu. Jasho la kiunoni peke yake linatosha kuutia alama za vidole za kahawia, na msimu wa mvua ndefu, Machi hadi Mei, ni haraka zaidi. Ukisafiri Mombasa nayo, chumvi ya hewani haikungoji.

Paka nta ya gari nyembamba sehemu ya nje, iache ikauke, ipanguse. Inakaa muda mrefu kuliko mafuta. Juu ya nta, mafuta ya bunduki sehemu zinazosuguana tu. Kumbuka nta na mafuta vyote vinaungua mtutu ukipata moto wa mazoezi, kwa hiyo ukitoka kulenga shabaha safisha na upake upya siku hiyohiyo. Masizi ya baruti juu ya chuma kilichong'arishwa yanaonekana sana; yatoe kwa kisafishio cha mtutu na kitambaa, usirudie Autosol kila wiki, maana kila ukirudia unapunguza chuma.

Na usiihifadhi kwenye mfuko wa ngozi ndani ya sefu. Ngozi inanyonya unyevu na kuushikiza palepale kwenye chuma.

Mlinzi_Embakasi

Nimepata 600, 1000 na 1500 Kirinyaga Road. Naanza na 600 kwa ukanda, namba imeshafunikwa kwa tepu.

Fundi_Chuma

Sawa mkuu. Badilisha kitambaa na uoshe mikono kila unapobadilisha namba. Chembe moja ya 600 ikibaki kwenye kitambaa cha 2000, utaiona mwishoni.